Kulala Garini Safarini na Mbwa Kadhaa: Mwongozo wa Watu Wawili

Wengi wakipanga safari ya aina hii huanza na gari lenyewe: godoro likae upande gani, jiko liwekwe wapi, taa ziwe ngapi. Mimi hushauri waanze na kanuni moja, halafu gari na ratiba vifuate. Kanuni ni hii: saa zote za safari, mtu mmoja yuko na mbwa. Mkifika dukani, mmoja anaingia na mmoja anabaki. Kuoga ni kwa zamu. Kula mgahawani ni kwa zamu pia, au hakupo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kwenda wawili. Mtu aliye peke yake na mbwa watatu au wanne hana wa kumshikisha kamba, na kila akienda msalani huwaacha ndani ya bati linalozidi kupata moto.

Joto ndilo linaloifanya kanuni hii isiwe na mjadala. Watafiti waliopima joto ndani ya magari yaliyoegeshwa juani waliona likipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na takriban asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukubadilisha jambo la maana. Kwa hiyo siku ya nyuzi 24, ambayo binadamu anaiona ya kupendeza, ndani ya gari huweza kupita nyuzi 40 wakati wewe bado uko kwenye foleni ya kulipa. Mbwa naye hana jasho la kumpoza mwili, isipokuwa kidogo sana nyayoni. Hupoa kwa kutweta, na hewa anayoivuta ikiwa yenyewe ni ya moto, kutweta kunamchosha bila kumpoza.

Hapa nitatumia mfano wa watu wawili wenye vani moja na mbwa wanne ambao jumla yao ni kilo 85. Idadi yenu ikiwa tofauti, badilisheni hesabu.

Hatua ya 1: Zungumzeni kabla hamjanunua chochote

Marafiki huelewana vizuri sana mpaka walale siku nne kwenye chumba cha mita chache za mraba pamoja na mbwa wenye matope. Keti na mwenzako, myataje yale ambayo watu huona haya kuyataja: nani analipia mafuta, nani anaamka alfajiri kuwatoa mbwa, mbwa wanapanda kitandani au hawapandi, na mkichokana mtaambianaje. Suala la kitandani msilidharau. Mmoja akiruhusu na mwingine akikataza, mbwa hawatajua wamsikilize nani, na usiku wa kwanza utakuwa wa kusukumana.

Swali zito kuliko yote ni la matibabu. Mbwa wako akiumia wakati wewe umekwenda kutafuta maji na simu yako haishiki, je, mwenzako ana ruhusa ya kuamua? Mwandikie karatasi yenye sahihi yako: kwamba anaweza kumpeleka mbwa wako kwa daktari wa mifugo, atumie hadi kiasi gani cha fedha, na nini kifanyike hali ikiwa mbaya kabisa. Naye akuandikie ya kwake. Kubalianeni pia kwamba mbwa yeyote akiugua vibaya safari inageuka, bila kupiga kura.

Mwisho, linganisheni amri. Mbwa wote wazoee maneno yale yale kutoka kwenu wote wawili: keti, subiri, njoo, acha, ingia. Matano yanatosha. La "subiri" ndilo litakalofanya kazi kubwa, nitalirudia kwenye habari ya mlango.

Hatua ya 2: Amueni mbwa gani wanakwenda

Si lazima waende wote. Mwendo wa safari huwa ni ule wa mbwa aliye dhaifu kuliko wenzake, kwa hiyo ukimchukua mzee mwenye maumivu ya viungo, ujue umeshachagua matembezi mafupi na vituo vingi. Kama hilo linawafaa, mzee aende, atafurahi. Jike aliye kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, abaki: hali hiyo huchukua takriban wiki tatu, na madume walioishi kwa amani muda wote wanaweza kuanza kuumana. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo abaki. Mbwa wa pua fupi kama bulldog na pug huzidiwa na joto mapema kuliko wengine; wakienda, shughuli zote ziwe za asubuhi na jioni. Na mbwa aliyewahi kumuuma mtu, sioni sababu ya kumpeleka kambini ambako watoto wa watu hukimbia huku na huko.

Ikiwa mbwa wako na wa mwenzako hawajuani, wakutanisheni wiki kadhaa kabla, mahali ambapo hakuna kati yao anayepahesabu kuwa pake. Tembeeni sambamba mkiacha mita kumi hivi kati yenu, kamba zikiwa zimelegea, bila kuwalazimisha wanusane uso kwa uso. Punguzeni umbali taratibu. Wakiweza kutembea bega kwa bega bila miili kukakamaa, waingizeni kwenye gari lililosimama, kisha mzunguko mfupi, kisha usiku mmoja wa majaribio karibu na nyumbani. Usiku huo nauthamini kuliko orodha yoyote ya vifaa. Ndipo mtakapojua nani anakoroma, nani anabwekea kila jani linaloanguka, na nani hudai kutoka saa tisa usiku.

Hatua ya 3: Chanjo, chipu na sheria

Kila mbwa awe na kitabu chake cha chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na kinga ya kupe na viroboto iliyotolewa kabla ya kuondoka. Shingoni avae mkanda wenye kibati cha namba za simu za nyote wawili, pamoja na msimbo wa nchi. Kama ana chipu chini ya ngozi, yaani kifaa kidogo chenye namba ya kumtambulisha, hakikisheni usajili wake unaonyesha namba ya simu mnayoitumia sasa.

Kuvuka mpaka kunahitaji maandalizi ya miezi, si ya siku. Kwa mfano, Umoja wa Ulaya hutaka mbwa awekwe chipu kabla ya chanjo ya kichaa au siku ile ile, awe ametimiza wiki 12 anapochanjwa, na siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza ndipo asafiri. Finland, Ireland, Malta, Norway na Uingereza huongeza dawa ya tegu, ambayo daktari huitoa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Nchi nyingine hutaka kipimo cha damu au karantini, na hapo safari ya kulala garini inakosa maana.

Hifadhi nyingi za wanyamapori haziruhusu mbwa kabisa, hata abaki garini. Kambi nazo mara nyingi huweka kikomo cha mbwa kwa kila gari. Pigeni simu, mtaje idadi kamili. Kusema "tuna mbwa" bila kusema wanne ni kujitafutia kufukuzwa usiku.

Hatua ya 4: Pimeni uzito

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, umeandikwa kwenye kibati chake au kwenye kadi. Toeni humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho mnachoweza kubeba. Watu wawili ni kilo 150. Mbwa, 85. Maji lita 60 ni kilo 60. Kitanda na makabati huweza kufika 120, betri na friji 50, mizigo na chakula 80. Hapo mmeshapita kilo 500 na bado hamjaweka jeki na tairi la akiba. Jazeni gari kama siku ya safari, mlipeleke kwenye mizani. Likizidi, punguzeni makabati. Mimi si mpenzi wa makabati: yanakula nafasi ya mbwa kulala, na kila mlango wake utagonga njia nzima.

Vitu vizito, yaani maji na betri, vikae chini na kati ya ekseli mbili, si nyuma kabisa. Upepo wa tairi ufuate kipimo cha gari lililojaa.

Hatua ya 5: Kila mbwa na mahali pake, gari likitembea

Kugonga kitu ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Mbwa wa kilo 25 asiyefungwa ataendelea na mwendo ule ule mpaka akutane na kiti chenu, kioo au kichwa cha mmoja wenu. Kwa sababu hiyo kitanda si mahali pa mbwa kukaa gari likiwa barabarani, hata akijilaza kwa utulivu namna gani.

Njia bora ni vizimba imara vilivyofungwa kwenye vyuma vya sakafu kwa mikanda ya kukazia mizigo. Kamba za mpira hazitoshi. Kizimba kiwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala, na matundu pande zaidi ya moja. Vizimba viwili chini ya kitanda kilichoinuliwa, na viwili nyuma ya viti, ni mpangilio unaofanya kazi kwenye vani nyingi, ila hakikisheni hewa inafika huko chini. Asiyevumilia kizimba avae mkanda wa kifuani, ufungwe kwenye mkanda wa kiti. Usimfunge kwa mkanda wa shingoni hata siku moja: breki ya ghafla inaweza kumvunja shingo. Kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa si mahali pake, kwa sababu mfuko huo ukifumuka unaweza kumuua.

Lililobaki ni mlango, na hapa ndipo mbwa wengi hupotea. Zoezeni utaratibu mmoja mpaka uwe tabia. Dereva anazima gari. Mmoja anashuka peke yake, anatazama: kuna mifugo, mbwa wasiofungwa, vioo vilivyovunjika, watoto? Aliye ndani anafunga kamba kwa kila mbwa huku wote wakiwa kwenye "subiri". Kisha anatamka "njoo" na jina moja, anatoka huyo mmoja, kamba yake inapokelewa nje. Ndipo wa pili. Mbwa anayejisukuma anarudishwa mwisho wa foleni. Mwanzoni itachukua dakika tano na wapita njia watawacheka. Baada ya siku mbili tatu inachukua dakika moja.

Kamba mbili kwa kila mtu, zishikwe kiganjani, zisizungushwe vidoleni. Mbwa wawili wakiruka pamoja, kidole ndicho kinachovunjika.

Hatua ya 6: Hewa, gesi na umeme

Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo feni ya darini iwekwe ivute nje, na dirisha la chini upande wa kivuli liachwe wazi ili hewa baridi iingie. Bila tundu la kuingilia, feni inazunguka bure. Vizuizi vya jua vinavyong'aa vifungwe nje ya kioo inapowezekana. Vya ndani huzuia mwanga, lakini kioo chenyewe kimeshapata moto.

Mkaa usiwashwe ndani ya gari, hata milango ikiwa wazi, hata kukiwa na baridi ya kutetemesha. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na usingizi wake hauamshi. Jiko la gesi litumike nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, ambako mbwa ndiko walikolala. Fungeni vitambuzi viwili: cha kaboni monoksidi karibu na mahali mnapolaza vichwa, na cha gesi ya kupikia chini karibu na sakafu.

Umeme haunihangaishi sana. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula kati ya ampea-saa (kipimo cha umeme unaobebwa na betri) 30 na 45 kwa siku nzima kwenye joto la kawaida. Feni kwa mwendo wa kati hula ampea-saa 1 hadi 2 kwa kila saa. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inawapa siku moja hivi bila kuchaji. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakaribia kuwapa mbili. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Msiitegemee feni kuwa sababu ya kuwaacha mbwa garini. Fyuzi ikikatika, haitawapigia simu.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hawa wetu wa kilo 85 ni lita tano hivi, na siku ya joto na kukimbia wekeni kumi. Kwa watu wawili, kunywa, kupika na kunawa, lita 15 hadi 20. Zile lita 60 ni za siku mbili, zikibana sana tatu. Jazeni kila mnapopata maji safi, hata tangi likiwa nusu. Wekeni madumu mawili matatu badala ya tangi moja, ili likipasuka moja msibaki wakavu.

Chakula kiwe kile kile cha nyumbani. Kubadilisha chakula ghafla huleta kuhara, na kuhara kwa mbwa wanne ndani ya vani sina haja ya kukueleza. Pimeni mlo wa kila mbwa kwa kila siku kwenye mifuko yenye jina lake, na muongeze ya siku mbili za akiba. Kila mmoja ale ndani ya kizimba chake au mbali na mwenzake, na bakuli ziondolewe mara tu wakimaliza. Ugomvi mwingi wa safarini si wa chuki, ni wa bakuli tupu lililoachwa katikati.

Baada ya kula, wapumzike angalau saa moja, hasa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Hao wanaweza kujaa gesi tumboni mpaka tumbo lijisokote. Mbwa anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limevimba na hatulii, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo.

Vyakula vya watu vikae juu na vifungwe. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji, vitunguu saumu, karanga za makadamia na chochote chenye sukari bandia ya xylitol ni sumu kwa mbwa. Zabibu kavu ndizo zinazosahaulika, kwa kuwa hujificha kwenye mchanganyiko wa karanga ambao kila msafiri hubeba mfukoni.

Hatua ya 8: Siku ya barabarani

Saa nne au tano za kuendesha kwa siku zinatosha. Ondokeni asubuhi na mapema, msimame kila baada ya saa mbili kwa dakika 15 hadi 20, kivulini. Mlo wa mwisho wa mbwa kabla ya kuondoka uwe mdogo, saa tatu au nne nyuma. Anayepiga miayo, kulamba midomo na kudondosha mate anataka kutapika; simameni kabla, si baada. Dawa ya kichefuchefu ipo, daktari wa mifugo atawapa ya mbwa na kipimo chake.

Kabla ya kuwashusha kwenye lami, weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, nyayo zao pia zitaungua. Vichwa visitolewe dirishani, vumbi na wadudu huumiza macho.

Kwenye kituo cha mafuta, anayeendesha anajaza na kulipa, mwenzake habanduki. Halafu wanabadilishana msalani.

Hatua ya 9: Kufika kambini

Fikeni saa mbili kabla jua halijazama. Mbwa wasishuke kwanza. Mmoja azunguke eneo kwa miguu akitafuta mifupa, ndoano za samaki, vioo, viota vya siafu na chambo cha sumu. Aangalie maji: ziwa au bwawa lenye utando wa kijani au wa buluu juu yake linaweza kuwa na bakteria wenye sumu inayoweza kumuua mbwa kwa muda mfupi baada ya kunywa. Maji yaliyotuama nayo ni ya kukwepa kwa ajili ya homa ya leptospira, inayoambukiza na watu.

Egesheni gari likitazama njia ya kutokea. Fikirini jua la asubuhi litatokea wapi, kwa sababu ndilo litakalowaamsha mapema kwa joto. Mti au kilima upande wa mashariki ni mali.

Sasa kamba za kuwafungia. Mbwa wawili wenye kamba za mita tatu kila mmoja wanahitaji vigingi vilivyoachana angalau mita saba, vinginevyo watasokotana. Wanne wanataka uwanja mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahali padogo, nyosheni kamba ndefu kati ya miti miwili na muwatoe wawili wawili. Wafungwe kwa mkanda wa kifuani, maana mbwa akikimbia mpaka mwisho wa kamba, shingo ndiyo inayobeba pigo. Msifunge kwenye meza, kiti, wala kwenye gari ambalo mtu anaweza kuliondoa akiwa amesahau. Na kamba hizi si za kuwaachia wapweke. Ni za kuwapa nyinyi mikono huru mkiwa hapo hapo mnapika.

Kinyesi kiokotwe chote, kila mara. Mahali pasipo na pipa la taka mkibebe kwenye chombo kinachofunga vizuri, kining'inizwe nje nyuma ya gari.

Hatua ya 10: Usiku

Matembezi ya mwisho ni kwa kamba na taa ndogo shingoni, hata kwa mbwa mtiifu. Harufu ya mnyama wa porini gizani huyeyusha utii wote. Mkirudi, wakagueni kupe: masikioni, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe akamatwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja taratibu. Msimpake mafuta wala kumchoma.

Kila mbwa alale mahali pale pale kila usiku. Mapazia yafungwe, kwani asiyeona hana cha kubwekea, au angalau anapata visingizio vichache. Kiti cha dereva kibaki kitupu na ufunguo uwe mahali mnapopajua wote wawili, ili mkilazimika kuondoka saa nane usiku msianze kwa kuhamisha masufuria.

Hatua ya 11: Mambo yakiharibika

Kabla ya safari, andikeni kwenye karatasi madaktari wa mifugo walio karibu na kila mtakapolala, hasa wa usiku. Kwenye simu peke yake haitoshi. Huko mtandao hukatika. Sanduku la dawa liwe na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, bandeji, maji ya chumvi ya kusafishia vidonda, kibano, soksi au kiatu cha mbwa, na kifunga mdomo. Hata mbwa mpole kupita wote huuma akiwa na maumivu makali. Msimpe parasetamoli wala ibuprofeni ya watu.

Aliyezidiwa na joto hutweta kwa nguvu, fizi huwa nyekundu sana, huyumba, hutapika au huanguka. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likipita 40 chukueni hatua, likifika 41 maisha yake yako hatarini. Mpozeni kwanza, ndipo mwondoke: mwagieni maji ya baridi mwili mzima huku mwingine akimpepea. Msimfunike taulo lililolowa, hushika joto. Acheni kumwagia likishuka karibu nyuzi 39.5, kisha mwende kwa daktari hata kama ameinuka na kutikisa mkia, kwa sababu madhara ya ndani huchelewa kuonekana. Mmoja anaendesha, mmoja yuko nyuma akipepea.

Nyoka akimuuma, msichanje, msinyonye, msifunge kamba juu ya jeraha. Mbebeni asitembee, na muende.

Mbwa akipotea, msiondoke wote kumtafuta. Mmoja abaki palepale alipoonekana mara ya mwisho, na mbwa wengine wakiwa wamefungwa na nguo yenye jasho la mwenye mbwa ikiwa imetandazwa chini, kwani wengi hurudi pale walipoanzia. Mwingine azunguke akiwa na picha na namba ya chipu. Mkimwona, msimkimbize. Chuchumaa, mpe ubavu, ita jina kwa sauti ya kawaida, na umwache afike mwenyewe.

Mkisharudi nyumbani, toeni kila kitu garini siku hiyo hiyo, hata kama mmechoka: matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, sakafu na vizimba vioshwe na kuachwa vikauke milango ikiwa wazi. Kwa wiki tatu zinazofuata angalieni homa, kukosa hamu ya kula, fizi zilizopauka au mkojo wa rangi ya chai, ambazo ni dalili za magonjwa ya kupe yanayokuja kwa kuchelewa. Ukimpeleka mbwa kwa daktari, mtajie kila mahali mlipolala.